Kikombe Kilichowekwa Chini

Wenzangu wakinusa ndimu kavu wanaona njaa. Mimi naona hofu. Mkwe wangu hupasua mbili tatu akazitumbukiza kwenye mchuzi wa nyama, ile harufu kali yenye uchachu na moshi kidogo ikapanda mpaka sebuleni, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, moyo hunienda mbio. Watoto wanasema ni presha. Presha ninayo, siikatai, lakini hii ya ndimu ni ya zamani zaidi. Ilianza Matrah, mji wa bandari wa Omani, katika chumba kimoja cha chini ambacho leo ukinipeleka siwezi hata kukuonyesha kilikuwa wapi.

Tulikuwa tumetoka Unguja watatu: mimi, mama, na Shangazi Zuweina, dada yake baba. Baba hakutoka. Tulipokewa na Ami Khalfan, mdogo wake baba, ambaye yeye alikulia Omani na Unguja aliijua kwa kusimuliwa tu. Alikuwa na kibanda cha nguo sokoni, mke, watoto watano, na nyumba ya vyumba viwili. Akatupa kimoja. Hakulalamika hata siku moja, lakini kila tulipokaa kula nilimwona akiitazama sinia kabla ya kusema bismillahi, na mimi nikajifunza kumega tonge dogo.

Nyinyi wa umri wangu mnakumbuka mji ulivyokuwa. Shule ya serikali ilikuwepo, ila ya wavulana, na hao wenyewe hawakuwa wengi. Msichana alisoma Kurani kwa mwalimu wa mtaani mpaka akahitimu, kisha basi. Hata kupachika dirisha jipya kwenye nyumba yako kulitaka ruhusa, seuze kufungua shule. Kwa hiyo Shangazi, ambaye Unguja alikuwa mwalimu wa skuli mwenye ubao mkubwa na chaki za rangi, hakufungua shule. Alifungua chuo cha Kurani cha wasichana, na ndani ya chuo, Kurani ikishasomwa, alitufundisha kuandika, hesabu, na nchi za dunia ziko wapi. Mlango ukigongwa tulifuta kila kitu kwa viganja, tukaanza kusoma juzuu ya Amma kwa sauti moja. Mpaka leo nikisikia wasichana wanasoma kwa pamoja namna ile huwa nautazama mlango.

Chumba chenyewe kilikuwa cha wakfu. Bibi mmoja tajiri wa zamani alikuwa amefunga mali zake mbili kwa ajili ya Mungu, nyumba ile na duka moja dogo sokoni, zisiuzwe wala zisirithiwe, mapato yake yaende katika kheri. Watoto wasome, mwalimu wao ale, msikiti wa mtaa upate mafuta ya taa na kamba ya kisima. Kheri gani itangulie, hakusema. Aliyeamua ni wakili wa wakfu, msimamizi wake.

Mimi nilipoambiwa kuwa hii ni nyumba ya marehemu, nilielewa kwamba marehemu yupo. Juu kulikuwa na ghorofa iliyofungwa kwa sababu boriti zake zimeoza, na upepo ukivuma zililia kama mtu anayetembea. Nikaamua kuwa mwenye nyumba anaishi huko na hapendi makelele. Kila asubuhi nikiingia nilinong'ona salamu kuelekea darini. Nilikuwa na miaka minane, nimekwishaona watu wengi wakitoweka bila ya mtu kuniambia wamekwenda wapi. Mmoja wao kuwa darini halikuwa jambo la ajabu kwangu.

Kodi ya duka ilikuwa ndogo na mizigo yake mingi, kwa hiyo chuo kiliendeshwa kwa kubahatisha. Ubao hatukuwa nao. Tuliandikia mifupa, ile mifupa mipana ya bega la ngamia, imesuguliwa mpaka ikawa myeupe. Wenyeji walifanya hivyo tangu enzi na enzi. Kwetu sisi wa Unguja ilikuwa kioja, na mama aliponiona mara ya kwanza narudi na mfupa kwapani alipiga ukelele majirani wakatoka. Mfupa mmoja ulikuwa wa watoto wawili, huyu upande huu na yule upande ule, na ole wako mwenzako akiugeuza wino wako haujakauka. Wino tuliutengeneza kwa masizi ya taa. Nyumba moja ilileta mtungi wa maji, nyingine mkeka, na jirani yetu wa Kibaluchi alitupa ua wake wenye kivuli siku za joto, chumba kikigeuka tanuri.

Kitabu cha kusomea kilikuwa kimoja tu, alichokuja nacho Shangazi ndani ya sanduku la nguo. Alikifumua uzi kwa sindano, akakigawa vipande vipande, kila wasichana watatu kipande kimoja, tukawa tunabadilishana. Mimi kilinianzia mwisho. Nilijua mfalme amesamehe kabla sijajua amekosewa nini, na nilikaa majuma na majuma nikimhurumia mtu ambaye baadaye nikagundua kuwa ni mwizi. Nilimlalamikia Shangazi. Akanijibu, "Shukuru una mwisho. Wenzio wana katikati tu."

Kisha mpangaji wa lile duka la wakfu akafunga akaondoka, na mpangaji mwengine hakutokea.

Wakili wa wakfu alikuwa Sheikh Mbarak, mzee mrefu wa ndevu nyeupe, aliyewahi kuuza dukani Pemba ujanani mwake na Kiswahili akikijua. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo leo; wakati ule nilimwombea jipu mahali pa kukalia. Duka limekaa tupu, msikiti unataka mafuta, na hapo ndipo alipotokea tajiri mmoja wa ndimu kavu, akaomba aweke magunia yake machache nyuma ya chumba chetu, kwa muda tu, na atalipa. Sheikh akakubali. Ningekuwa mimi labda ningekubali pia.

Yale magunia yalikuwa yakizaa. Tukija asubuhi yamesogea. Kwanza yalikuwa ukuta wa nyuma, kisha yakafika chini ya kidirisha, kisha yakakiziba. Tukawa tunasoma mlango wazi ili tuone, na mlango ukiwa wazi hesabu hazifundishiki, kwa hiyo zikabaki za kunong'onezwa. Mikeka ilikunjwa mmoja baada ya mwengine. Wasichana wa nyuma waliegemea magunia, wakirudi kwao wananuka ndimu mpaka nywele, na mama zao wakaanza kuuliza kama huko ni chuoni au ghalani. Shangazi alikuwa akifika mapema kuliko sisi, anayasukuma magunia kwa bega mpaka yanarudi nyuma kidogo, halafu anajipangusa jasho na kutungoja kama kwamba hakufanya lolote.

Siku moja Sheikh Mbarak akaleta ujumbe. Mwezi ukiisha, chumba chote ni cha tajiri wa ndimu.

Usiku ule ule, kwenye sinia, Ami Khalfan alisema na dada yake bila ya kumtazama. "Dada, mimi nafsi yangu nakutaka hapa. Lakini chuo kikifungwa na kile kidogo unacholetewa na wazazi kikakatika, siwezi. Ibra tuna jamaa. Wana shamba, wana nafasi. Utakaa nao."

"Nitakaa nao nikifanya nini?" akauliza Shangazi.

"Utakaa tu, dada."

Ibra ilikuwa bara, nyuma ya milima, na nilijua kwamba wanaokwenda mbali hawarudi. Nilikuwa sijakosea hata mara moja katika jambo hilo. Usingizi wangu wote wa siku hizo niliulala nimeshika pindo la kanga ya Shangazi, na asubuhi akiamka alilazimika kunifungua vidole.

Alhamisi iliyofuata akajitanda buibui lake na kusema anakwenda kwa Sheikh Mbarak kumsemesha mwenyewe. Mama akamwambia ni aibu. Shangazi akasema aibu ni kuondoka bila ya kusema neno. Akanichukua mimi, kwa sababu mwanamke hatembei peke yake, na kwa sababu nilikuwa nimeshikilia buibui na siachii. Alikuwa amefunga. Jumatatu na Alhamisi alizifunga sunna maisha yake yote, na hakupenda kusema. Saumu ikitangazwa, kwake yeye, ilikuwa imeshageuka maringo. Mimi nilijua kwa sababu tulilala mkeka mmoja na daku yake nikiisikia.

Baraza ya Sheikh ilikuwa chumba kirefu chenye mito ukutani. Sheikh alikaa mwisho, na ubavuni mwake, ya rabi, alikaa tajiri wa ndimu mwenyewe. Nilimjua kwa harufu kabla sijamwona uso. Upande wa mlangoni alikaa bibi kizee mwenye barakoa nyeusi inayong'aa, yanaonekana macho tu, na dele la kahawa mbele yake. Shangazi akakaa naye bega kwa bega, ili isiwe aibu mwanamke kusema na wanaume. Mimi niliganda. Nilikuwa na yakini kuwa yule ndiye mwenye nyumba ya chuo, marehemu mwenyewe, ameshuka darini kuja kutufukuza.

Marehemu akamimina kahawa, akampa Shangazi kikombe. Shangazi akakipokea kwa mkono wa kulia, akashukuru, akakiweka chini mbele yake juu ya mkeka. Hakukinywa.

Wanaume walikuwa wakizungumza. Wakanyamaza. Si kule kunyamaza kwa kumheshimu mgeni. Walinyamaza ghafla, tajiri akiwa na tende nusu mdomoni. Sheikh Mbarak alikitazama kile kikombe, akamtazama Shangazi, akarudi kwenye kikombe.

"Kahawa yako hiyo, Mwalimu," akasema kwa Kiswahili.

"Nimeiona, Sheikh. Ahsante."

"Kunywa basi."

"Siwezi, Sheikh. Niwie radhi."

Tajiri akaitoa ile tende mdomoni. Nilihisi hasira inajaa chumbani na sikujua imetoka wapi. Nikafikiri: wamekasirika kwa sababu hanywi, na hanywi kwa sababu amefunga, na hasemi kwa sababu hapendi kusema. Lililobaki ni mimi kuinywa ile kahawa, mambo yaishe. Nikanyoosha mkono. Kabla sijakigusa kikombe, yule mwenye barakoa alinikamata kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vya nguvu kuliko vya mama. Hakunitazama wala hakunena. Alinishika tu.

"Mbele ya watu, Mwalimu?" Sheikh akauliza polepole.

"Mbele ya watu, Sheikh," akajibu Shangazi. "Mimi sina la kuficha."

Sheikh akajipangusa paji la uso kwa ncha ya kilemba. "Haya. Sema haja yako."

"Haja yangu ni chumba. Sitaki kodi ya duka likipata mtu, upeni msikiti, kipeni kisima. Mimi wakfu usinipe hata kibaba cha mchele. Nnataka hawa watoto wabaki mahala pa kukaa. Wakitoka pale hawana pengine."

Sheikh akamgeukia tajiri. Yule tajiri akafungua viganja vyake viwili, akasema kwa Kiarabu kwamba yeye hana neno, kikombe kiko chini. Nilielewa maneno, sikuelewa maana. Sheikh akakitazama tena kikombe. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayevuliwa jino, "Chumba ni chako. Wallahi ni chako. Sasa kunywa, Mwalimu, usinifedheheshe nyumbani kwangu."

Shangazi alikitazama kikombe. Mimi nikijua moto unamngojea anayefungua mchana, nikawa natikisa kichwa, usinywe, usinywe, na mkono wangu bado umeshikwa. Akasema bismillahi akanywa yote. Tajiri akashusha pumzi. Vile vidole vikaniachia.

Tulipofika kichochoroni nilikuwa nalia. "Shangazi, umefungua mchana!"

"Sunna hufunguliwa kwa kumridhi mwenyeji. Nyamaza watu wasisikie." Lakini sauti yake ilitetemeka kwa furaha. "Kakubali! Umemsikia? Kakubali!"

"Na yule ndiye marehemu?"

"Marehemu yupi?"

"Mwenye nyumba. Aliyenishika mkono."

Akasimama akacheka mpaka akashika ukuta. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Unguja. "Yule Bibi Shamsa, mama yake Sheikh! Marehemu kafa, mwanangu. Mtu akiitwa marehemu ndiyo kusema kafa, kazikwa, hayuko darini wala hayuko popote."

Nyumbani kwetu kila siku walisema marehemu baba yako. Marehemu baba yako alipenda hivi, marehemu baba yako angesema hivi. Nikamuuliza, "Hata baba?"

Kicheko kikamkauka. Akachuchumaa pale pale kichochoroni, akanifuta kamasi kwa buibui lake, akasema, "Hata baba, mwanangu." Hamali mmoja mwenye mzigo kichwani akatungoja tumpishe njia. Tukampisha.

Nyumbani Ami Khalfan alipomaliza kusimuliwa alijipiga paja. "Ulikiweka chini? Hukunywa? Ukasema huwezi? Dada, unajua ulichokifanya?" Akatueleza akicheka mpaka machozi. Huku kwao, mgeni akipewa kahawa akaiweka chini bila ya kunywa, maana yake amekuja na haja kubwa na hatanywa kahawa ya nyumba ile mpaka apewe. Na mwenyeji akimwacha aondoke hakunywa, jina lake limekwisha. Watu watalitaja hilo kwa watoto wake. Wanaume wazima wanajifikiria mwezi mzima kabla ya kufanya hivyo. "Na wewe umekwenda kumfanyia Sheikh Mbarak mbele ya mwenye ndimu zake! Umemfunga kamba, dada! Umemfunga ndi!"

Mama alikuwa akicheka naye. Shangazi hakucheka.

"Mimi nlikuwa nimefunga," akasema. "Sikujua."

"Hukujua, na chumba umepata. Nyamaza ule."

Hakula. Ijumaa, baada ya swala, mahamali wakaja wakayatoa magunia yote. Mtaa mzima wa wasichana tulikuwa pale, tukifagia, tukipiga vigelegele, mwanga ukiingia dirishani kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Shangazi alisimama nje. Nilimvuta aingie aone. Aliingia hatua moja akatoka.

Jumamosi asubuhi akajitanda tena. Mama akajua hapo hapo. "Zuweina, wallahi usiende! Utajipeleka Ibra kwa mdomo wako mwenyewe."

"Nikenda nitakwenda moyo wangu mweupe. Yule mtu katoa kwa kudhani nimemlazimisha. Sikumlazimisha. Nitakaa vipi mle ndani kuwafundisha watoto wa watu?"

"Lakini hukumdanganya!"

"Alhamisi sikumdanganya. Leo nikinyamaza namdanganya."

Nilimchukia Shangazi njia nzima. Sipambi neno: nilimchukia. Nilimwona anautupa mkeka wetu, na mfupa wangu, na usiku wangu wa kushika pindo la kanga yake, kwa ajili ya kitu ambacho hakuna aliyemuuliza. Nilitembea nyuma yake nikipiga mawe teke ili asikie nimekasirika. Alisikia. Hakugeuka.

Safari hii hakukuwa na tajiri. Alikuwepo Sheikh na mama yake tu, pahala pale pale, dele mbele ya bibi. Bibi Shamsa akamimina, akanyoosha kikombe. Shangazi hakukipokea kabisa. Akasema yote aliyonayo, kwamba Alhamisi alikuwa na saumu ya sunna, kwamba Unguja mtu akiweka kikombe chini hana maana yoyote, kwamba haja alikuwa nayo kweli lakini hakuitia kikombeni. "Nakurudishia neno lako, Sheikh. Halikufungi."

Sheikh Mbarak akanyanyuka, akaenda dirishani, akatupa mgongo.

"Mimi nimekaa Pemba, Mwalimu," akasema mwishowe. "Nlikuwa na shaka. Lakini yule mtu hajakaa Pemba, na alikuwa ananitazama. Usiku ule sikulala kwa hasira. Sasa unanirudishia neno. Duka halina mpangaji. Kisima cha msikiti kamba yake imekwisha, watu wanatawadha kwa kuazima maji. Ndimu zinalipa. Watoto wako hawalipi kitu. Unataka mimi nifanye nini?"

"Ufanye unaloliona haki."

Nilifumba macho nikauficha uso wangu ndani ya buibui la Shangazi. Nilimsikia Sheikh akigeuka, nikamsikia akivuta pumzi ya mtu ambaye ameshaamua na hapendi alichoamua. "Basi, kwa kuwa umesema mwenyewe, Mwalimu..."

Ndipo nikasikia kikombe kinawekwa chini.

Nikafungua macho. Bibi Shamsa alikuwa amejimiminia kahawa, akakisogeza kikombe mbele mpaka karibu na pale anapokaa mwanawe, akakiacha hapo. Mikono yake akaiweka magotini.

"Mama," Sheikh akasema kwa Kiarabu, "wewe mambo hayo huna haja nayo."

"Ninayo." Sauti yake niliisikia kwa mara ya kwanza, nyembamba, haina haraka. Kiarabu nilikuwa nimeshakijua cha kutosha. "Alhamisi na mimi nilifunga. Midomo ya mwenye saumu naijua. Nilimmiminia kusudi, na huyu mtoto nikamshika mkono kusudi. Ukitaka kumkasirikia mtu, nikasirikie mimi."

Sheikh alikuwa amekodoa macho. "Kwa nini hukuniambia tu, mama?"

"Nilikwambia. Tangu magunia yalipoingia nakwambia. Unanijibu inshaallah."

Sheikh akarudi akakaa mahali pake.

"Wewe ulipokuwa unasoma," bibi akaendelea, "mimi nilikaa nje ya mlango nimekushikia viatu. Sura ninazoswalia nimezishika kwa sikio kutoka kwako, ukisoma ndani. Nikikosea herufi sijui kama nimekosea. Nazeeka hivyo hivyo. Kamba ya kisima tutaisuka sisi wanawake wa mtaa, mikono tunayo. Duka litapata mtu, Mungu akipenda. Mimi na kahawa yangu hii nangoja."

"Kunywa, mama."

"Sema kwanza."

"Chumba ni cha watoto."

"Watoto gani?"

Sheikh akamtazama Shangazi, akanitazama mimi, kisha akatazama chini. "Wa kike," akasema.

"Na magunia?"

"Hayarudi."

"Hata kwa muda?"

"Hata kwa muda, mama. Wallahi. Kunywa."

Shangazi alikuwa analia kimya kimya, machozi yanamwingia kinywani na wala hayafuti. Bibi Shamsa akakichukua kikombe, akainua barakoa kidogo kwa kidole kimoja, akanywa mpaka mwisho bila ya pupa. Halafu akanigeukia, akaninyooshea kikombe kitupu, kwa sababu kwao mdogo wa nyumba ndiye amiminaye, na mimi sasa nilihesabiwa wa pale. Nikainuka, nikalishika dele kwa mikono miwili, nikammiminia.